Nilimchukia Anthony Bourdain, mpaka nilipomwona akikata kuku gizani katikati ya Mto Kongo

mpishi_wa_zamu (mleta uzi), Arusha

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi ni mrefu, mnivumilie. Jambo hili limenikaa kifuani muda sasa.

Mimi ni mpishi. Huu mwaka wa 11 niko jikoni, nilianzia kwenye sinki la masufuria kama wengi wetu. Kuna mtu maarufu ambaye sikumpenda miaka yote hiyo bila kuwahi kukaa nikamwangalia hata dakika tano mfululizo. Ni Anthony Bourdain, yule Mmarekani mrefu mwenye mvi na tatuu mikononi, aliyekuwa akizunguka dunia na kamera anakula.

Chuki yangu ilianzia kazini. Mpishi mkuu wangu wa kwanza alikuwa na kitabu chake cha mwaka 2000, Kitchen Confidential, na alikishikilia kama katiba. Akitutukana, anasema jikoni ndivyo kulivyo duniani kote, hata Bourdain kaandika. Kijana akiungua na mafuta anaambiwa funga kitambaa, oda zinasubiri. Kwa hiyo kabla sijaijua sura ya huyo mtu, nilishamjua kama aliyempa bosi wangu kibali cha kunidhalilisha.

Halafu zikaja video fupi fupi za kwenye simu. Bourdain anameza moyo wa nyoka Vietnam, bado unadunda. Bourdain yuko Namibia na Wasani, wale wawindaji wa jangwani, amepewa sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo wa ngiri, haikuoshwa vizuri, na anakula. Nikasema huyu ni mzungu mwingine aliyekuja kuonyesha wenzake kwamba Afrika watu wanakula uchafu. Nikafunga mjadala.

Sasa, mwaka jana zamu ya usiku, wageni wamelala, tumebaki mimi na kijana wa kuosha vyombo. Mtoto wa Kigoma, mama yake kazaliwa Goma. Ameegemeza simu kwenye chupa ya sabuni anaangalia kitu. Akaniita, "Kaka, hebu nitafsirie, huyu mzungu anasema nini kuhusu Goma?" Nikajifuta mikono, nikasogea. Alikuwa Bourdain. Sehemu ya Kongo ya kipindi chake cha Parts Unknown, ilirushwa na CNN Juni 2013.

Ningekuwa peke yangu ningepita. Lakini ukiombwa kutafsiri unalazimika kusikiliza neno kwa neno, huwezi kusikia nusu. Nadhani hapo ndipo nilipokamatwa.

Yuko Goma, miezi michache tu tangu waasi wa M23 wauteke mji Novemba 2012 na kuondoka. Anaongea na watu, anakula nao, hatoi mihadhara. Kisha Kisangani. Wanamwonyesha stesheni ya reli, treni zimesimama, na wafanyakazi bado wanafika kazini. Kisha boti, wanashuka na mto mpaka Yangambi, kama kilomita 100 hivi, kwenye kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933. Kuna maktaba pale, na watumishi wake wanaendelea kuitunza pamoja na yote yaliyoipata nchi yao. Kijana wangu aliacha kabisa kuosha. Akasema taratibu, "Kumbe kuna watu wanatunza."

Bourdain hakuwacheka. Hakuweka muziki wa huruma, hakumwinua mtoto mbele ya kamera.

Usiku ukaingia wakiwa kwenye boti, na wana kuku hai. Amepanga kupika kuku wa mvinyo wa Kifaransa, pishi alilolijua tangu akiwa mpishi wa mgahawa wa Les Halles kule New York. Umeme wa boti unazingua, taa zinazimika. Wadudu wanakuja kwenye mwanga kidogo uliopo. Visu ni butu. Kuku lazima wachinjwe, wanyonyolewe, wakatwe, na huyu bwana maarufu anapandisha hasira, jasho linamtoka, anapambana na mifupa gizani.

Wakuu, nimekata kuku wasio na idadi. Mpishi hatafuti kiungo kwa jicho, anakitafuta kwa kidole gumba: unapapasa mpaka ule mfupa ulegee, ndipo unaingiza ncha ya kisu. Kisu kikiwa butu hakiingii, kinateleza, na hasira inakupanda kutoka tumboni, kwa sababu unajua unachotakiwa kufanya na mkono unakukatalia. Hasira ile naijua. Niliiona kwenye uso wake na nikamtambua. Sikumwona tena mzungu wa kamera. Nilimwona mtu wa zamu.

Baada ya usiku ule nilimaliza mabando. Nikarudi Namibia, safari hii nikaangalia mwanzo mpaka mwisho. Watu wale waliwinda, wakapika kwenye majivu na mchanga wa kwao, wakampa mgeni kile walichoona anastahili. Alijua kitamuumiza tumbo, na kweli baadaye alitumia dawa. Angekataa angemvunjia heshima mwenyeji mbele ya watu wake. Sisi tuliolelewa kwamba mgeni hasukumi sahani tunaelewa hilo bila kufafanuliwa. Ila mimi nilikuwa nimeona kipande cha sekunde 20, na nikamhukumu kwa hicho.

Na Haiti, kipindi cha 2011, mwaka mmoja baada ya tetemeko la Januari 2010. Anakula kwa mama mmoja wa barabarani, watoto wenye njaa wamesimama wanatazama. Yeye na wenzake wakaamua kununua chakula chote cha yule mama kigawiwe. Wema mtupu. Habari ikasambaa, umati ukaja, wakubwa wakawasukuma wadogo, watu wakachapwa ili wakae kwenye foleni. Angeweza kuikata sehemu ile abaki na sifa ya kutoa. Aliiacha, na kwa sauti yake mwenyewe akasema walitenda kwa moyo bila kutumia kichwa.

Huyo ndiye niliyemchukia miaka kumi. Wadau, na ninyi mmewahi kubadilika hivi? Na wale mnaomjua kuliko mimi, nisahihisheni.

kambi_popote

Mkuu umeandika vizuri, ila punguza mapenzi. Mtu wa televisheni ni mtu wa televisheni. Ana mhariri, ana mtayarishaji, ana watu wa kumpangia wapi asimame na nani aongee naye. Wewe umependa kazi ya mhariri, kamera ikizimwa hujui alikuwa nani.

mpishi_wa_zamu (mleta uzi)

Hoja yako nzito, siikatai. Nakujibu hivi: mhariri anayetaka kumpamba bosi wake angeanza kwa kuitupa ile ya kuku, maana pale anaonekana mkali na ameshindwa kazi yake mwenyewe. Angeitupa na ya Haiti. Kamera ikizimwa simjui, kweli kabisa. Ninachokijua ni kile alichokubali tukione.

mtoto_wa_boyoma, Bujumbura

Jambo wandugu. Miye niko mutu ya Kisangani, nitajikaza kuandika Kiswahili cha huko kwenu.

Kaka mpishi, nimefurahi kwa ajili ya kijana wako wa Kigoma. Kipindi kile nilikiangalia na wajomba zangu, na nitasema kilichotuuma. Bourdain alikuja kwetu na kitabu mfukoni. Kitabu chenyewe ni Heart of Darkness, Moyo wa Giza, cha Joseph Conrad, baharia aliyepanda mto wetu mwaka 1890 mpaka kwenye maporomoko, akarudi Ulaya akaandika giza. Boti yake Bourdain akaipa jina la Kapteni Willard, yule askari wa Apocalypse Now, filamu ya vita vya Vietnam iliyotokana na kitabu hicho hicho. Sasa fikiri. Mgeni amefika mlangoni kwako, na jina la nyumba yako ameshaliandika kabla hujamkaribisha. Sisi tunauita mto ule kwa majina yetu, tunajua Wagenia wanavyofunga miti kwenye maji makali na kutega mitego ya samaki, na hakuna giza lolote pale.

Hiyo reli mliyoiona ni ya Kisangani kwenda Ubundu, kilomita 125. Waliijenga kwa sababu maporomoko yanazuia meli, mzigo lazima ushuke, upande treni, upakiwe tena kwenye meli huko juu. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi reli. Alikuwa na koti la kazi lenye vifungo vya shaba, na hata baada ya treni kusimama alivipolish kila Jumapili jioni, anakaa mlangoni na kitambaa na majivu kidogo. Tulipokuwa wadogo tulidhani mzee amechanganyikiwa. Nilipoona wale watu wa stesheni kwenye kipindi, nilisimamisha video. Mjomba wangu mmoja alitoka nje.

Kwa hiyo nina mawili. Kwa kitabu chake nilimkasirikia. Kwa stesheni namshukuru, kwa sababu hakuna mtu mwingine mwenye kamera kubwa namna ile aliyewahi kuwatazama wale wazee kama wafanyakazi. Wengine wanakuja kutafuta risasi na maiti.

mpishi_wa_zamu (mleta uzi)

Kaka wa Boyoma, nimekusoma mara tatu. Hilo la kitabu mfukoni sikuliona, na sasa nimeliona siwezi kulifumbia macho. Nimemsomea kijana sehemu ya babu yako. Amesema nikuulize majivu yale yalikuwa ya mti gani, kwa sababu bibi yake naye alisugulia sufuria kwa majivu.

mtoto_wa_boyoma, Bujumbura

Mwambie majivu ya maganda ya ndizi. Mama yangu alikuwa anayachoma makusudi kwa ajili ya mzee.

mama_wa_kaango, Mombasa

Nimekaa kimya nikiwasoma nyinyi wanaume, sasa niseme na mimi.

Mleta uzi umegusa kile kitabu ukapita. Mimi sipiti. Nimefanya kazi jikoni hoteli ya ufuoni miaka tisa, mwanamke peke yangu kwenye zamu ya watu kumi na wawili. Nilishikwa nisipotaka kushikwa kwenye stoo ya baridi, na nilipolalamika nikaambiwa jikoni si mahali pa watu laini. Maneno hayo yana asili. Kuna watu walioandika jikoni kama meli ya maharamia, matusi ni utani, maumivu ni sifa, na vijana duniani kote wakaona ndiyo uanaume wa kazi. Bourdain ni mmoja wao, tena alisomwa kuliko wote.

Nitampa haki yake. Desemba 2017, wakati wanawake wa Marekani walipoanza kuwataja hadharani wapishi wakubwa waliowanyanyasa kingono, alijitokeza na kuandika kwamba kama kitabu chake kilisaidia kuendeleza tabia zile, ni jambo analolifikiria kila siku na linamjutisha. Hakusingizia wahariri. Na alisimama upande wa wanawake, si upande wa marafiki zake waliotajwa, wakati wengine wa rika lake walinyamaza.

Lakini majuto ya 2017 hayakunifikia mimi kwenye stoo ile miaka ya nyuma. Kwa hiyo hakubadilika machoni pangu kama alivyobadilika machoni pako. Namheshimu kidogo zaidi, basi.

mpishi_wa_zamu (mleta uzi)

Dada yangu, pole sana, na asante kwa kuandika. Nimesema kwamba bosi wangu alimtumia Bourdain kunidhalilisha, nikaishia kwangu mimi. Sikukumbuka kwamba mwanamke kwenye zamu ileile alikuwa anabeba mara mbili. Alikuwepo mmoja, wa kitengo cha saladi, aliacha kazi bila kuaga na hatukuuliza. Siku hizi kwenye zamu yangu mlango wa chumba cha baridi haufungwi mtu akiwa ndani, na aliye chini yangu akiwa na lalamiko ananiambia mimi moja kwa moja. Ni kidogo, najua.

wa_roundabout, Nairobi

Watu wa Bongo mnafika Kongo mnasahau jirani? Tafuteni ile ya Kenya. Ilirushwa Septemba 23, 2018, Bourdain akiwa ameshafariki. Alijiua Juni 8 mwaka huohuo, kule Kaysersberg, Ufaransa, akiwa kazini, miaka 61.

Alikuja na W. Kamau Bell, mchekeshaji Mmarekani mweusi, jamaa ambaye wazazi walimpa jina la Kikuyu na hakuwa amewahi kukanyaga Afrika. Sasa kwetu Kamau ni jina la kila mtaa, kwa hivyo huyu jamaa anafika na watu wanamkaribisha nyumbani. Mimi nilikuwa nimejitayarisha kukasirika. Tumezoea: kamera inashuka Nairobi, inachukua Kibera, inaruka kwa simba, imeisha.

Kilichonishika ni jioni moja kwenye hifadhi ya wanyama ya Lewa, wao wawili wamekaa na vinywaji wanaangalia nyika. Kamau anamuuliza kama bado anashangaa kuwa pale. Naye anajibu, bila mbwembwe, kwamba akiwa ameshavuka miaka arobaini alikuwa bado jikoni anakaanga chipsi, na alikuwa na hakika hataiona hata Roma, sembuse pale. Mkuu mpishi, wewe ndiye unafaa kuiangalia hiyo.

Halafu mwisho. Anauliza ni nani anapata nafasi ya kusimulia. Anajibu kwamba safari hii ni yeye, ameangalia na amesikiliza, lakini hadithi ile ni yake yeye, si ya Kamau wala ya Wakenya, na zile za Wakenya bado hazijasikika. Ndugu wa Boyoma, nilipokusoma nilikumbuka hapo. Naona kama aliyekuja kwenu 2013 na kitabu mfukoni alikuwa amekitoa mfukoni kufikia 2018.

mtoto_wa_boyoma, Bujumbura

Nimeiangalia usiku wa kuamkia leo. Nimeona. Asante, ndugu.

kambi_popote

Nami nimeangalia ya Haiti kwa sababu ya ubishi. Sikujua aliacha yote yaonekane vile. Yule aliyekuwa anawachapa watoto kwa mkanda... Nimeshindwa kuendelea na kazi kwa muda. Hoja yangu ya mhariri naishusha nusu.

mpishi_wa_zamu (mleta uzi)

Wa Nairobi, nimeiangalia. Niliiweka jikoni saa nane za usiku, mimi na kijana. Pale kwenye chipsi nilizima kwanza, nikaenda kugeuza mifupa ya supu, kisha nikarudi. Nina miaka 38, na wiki ile nilikuwa nimemenya viazi mpaka kidole kimepauka. Bourdain mwenyewe alianzia kwenye sinki, kuosha vyombo Provincetown, Massachusetts, kabla hajashika kisu. Nilimweleza kijana hilo. Akauliza, "Sinki kama hili?" Nikamwambia sinki kama hili.

bi_wa_bakuli, Unguja

Mwanangu, nimekusoma tangu juu mpaka chini, na wenzio wote. Mimi nauza urojo, na kwa bahati mtu huyo alifika kwetu Zanzibar mwaka 2014, na bara kwa Wamasai, ila mimi sikumwona kwa macho yangu. Nitakusemea la upande wa mwenye bakuli, kwani naona wengi hapa mnasema la upande wa mwenye kuangalia.

Watu wa kamera wanakuja kila msimu. Urojo, mwanangu, ni kazi ya tangu alfajiri: uji wa manjano usiwe mzito wala usiwe maji, ukwaju au embe mbichi iukate, bajia za dengu, kachori, viazi, mishikaki, chatini ya nazi, halafu chipsi za muhogo juu zisilowe kabla hujampa mtu. Anakuja kijana na simu yake, namtilia bakuli limejaa. Anatia kijiko kimoja, anafumba macho mbele ya simu, anasema ni tamu sana. Simu ikishuka, bakuli analiacha pale kwenye benchi. Limejaa. Namwangalia anakwenda kibanda cha pili kufumba macho tena.

Hela ananipa, simlaumu kwa hela. Lakini chakula kilichoachwa mbele ya aliyekipika kina neno lake, na kila mpishi analisikia.

Mjukuu wangu alinionyesha huyo wenu, si kwetu, nchi gani sijui, kakaa kwenye kigoda kidogo cha plastiki, magoti yamefika kifuani kwa urefu wake, anakula supu ya tambi. Alikula mpaka akalinyanyua bakuli akanywa mchuzi wa chini. Nikamwambia mjukuu rudisha. Nikaangalia tena. Huyo alilelewa na mtu.

mpishi_wa_zamu (mleta uzi)

Shikamoo Bibi. Nina siku mbili za mapumziko mwisho wa mwezi, na nauli ya boti ninayo. Nikija na huyu kijana wa Kigoma, tutakukuta wapi na saa ngapi?

bi_wa_bakuli, Unguja

Marahaba mwanangu. Njooni Forodhani baada ya magharibi, upande wa baharini, muulize Bibi wa urojo mwenye meza ya kijani. Msile kitu kwenye boti.